Anti, nafanya pasti pepa kila siku ila kompri na literacha zinanikalisha

Shikamoo Anti,

Pole na majukumu, najua barua unazopata ni nyingi ila naomba yangu uisome mpaka mwisho maana hapa nilipofika sijui nimwendee nani. Mimi ni binti, nipo mwaka wa mwisho sekondari, mtihani umebaki miezi 3 na siku kadhaa, masomo mengine naenda nayo vizuri tu, hesabu siogopi, biolojia ndo usiseme, ila Kingereza Anti, Kingereza kinanitoa jasho. Na sio kuongea! Kuongea naongea, muvi naangalia bila yale maandishi ya chini, hata dada yangu mkubwa akiandika barua ya kuomba kazi ananipa mimi nimkagulie. Shida ni mtihani. Kuna ile sehemu ya kompri, unapewa habari unasoma unajibu maswali, halafu kuna literacha yenyewe, riwaya na tamthilia na mashairi. Kote huko napata maksi za aibu, mara 41, mara 38, ya mwisho nikapata 44 nikashangilia kama nimeshinda bahati nasibu.

Na usiseme sisomi. Riwaya tuliyopangiwa nimeisoma mara 4. MARA NNE Anti. Najua mpaka rangi ya gauni alilovaa yule mama sura ya 2. Madesa ninayo, ya wahusika, ya dhamira, nimeyakariri yangu yakaisha nikakopi ya rafiki yangu nikakariri na hayo. Pasti pepa nimeziprinti za miaka 10 nyuma, kila siku jioni nakaa nafanya moja, nikimaliza naangalia majibu nyuma naona aah hili si nilikuwa nalijua, nafunga nalala. Nimeshafanya kama 30 mpaka sasa na maksi ziko palepale.

Ticha wetu ni mzuri ila darasa ni kubwa, akirudisha kazi anaandika tu "Answer the question" kwa pen nyekundu, nami nabaki najiuliza sa hapa nimejibu nini kama sio swali?? Nikimfuata ananiambia soma swali vizuri. Nimelisoma! Nakuwekea mfano wa juzi uone mwenyewe. Habari ilikuwa na kipande hiki:

"Mother said nothing when the boy came in. She moved his plate from the table to the shelf, wiped the place where it had stood, and went on wiping long after the wood was clean."

Swali likasema, "How does the writer show that Mother is upset?" Maksi 4. Mi nikaandika, "Mother was upset because the boy came home late and she was very angry with him so she moved his plate and wiped the table." Nikapata maksi 1. Moja!! Mwenzangu ninayekaa naye, ambaye tukiongea Kingereza anakwamakwama mpaka namsaidia maneno, kapata zote 4.

Baba anasema labda literacha niipe muda kidogo tu nikazanie sayansi, kila mtu na kipaji chake. Mama anasema nisome zaidi. Mimi nimeanza kuamini mashairi yana siri ambayo wenzangu wamezaliwa nayo, maana lile la juzi niliandika linahusu uvuvi, si kuna mzee, kazima taa kwake, jioni kafungua kamba ya mashua, kaondoka zake na nyavu kasahau nyumbani, basi, nikajaza ukurasa mzima kuhusu maisha magumu ya wavuvi, kumbe shairi ni la kifo. Nani alisema kifo humo ndani? Neno lenyewe halipo!

Niambie ukweli Anti, tatizo ni akili yangu au nini, na hizi wiki zilizobaki nifanye nini.

Mwanao aliyekwama

*

Marahaba mwanangu.

Akili yako haina shida yoyote, tuliweke hilo pembeni kabisa. Nimesoma jibu lako la yule mama na sahani nikakumbuka enzi zangu za kusahihisha, yani jibu hilohilo nimekutana nalo kila mwaka, likija na habari nyingine tu na mwandiko mwingine. Na karibu kila mara limeandikwa na mtoto anayejua Kingereza vizuri, ndo maana inauma.

Sa tulifungue taratibu. Swali limesema "how". Wewe umejibu "why". Umeulizwa mwandishi ametumia nini mpaka mimi msomaji nijue mama kakasirika, wewe ukaenda kutafuta sababu ya mama kukasirika. Hayo ni maswali mawili tofauti kama mtu kukuuliza umefikaje hapa, kwa mguu au kwa gari, we ukamjibu umekuja kumsalimia bibi.

Halafu kuna jambo jingine ambalo nadhani hata hujaliona. Umeandika mtoto kachelewa. Hebu rudi kwenye kile kipande, ni sentensi mbili tu, nionyeshe palipoandikwa kachelewa. Hamna. Labda kachelewa kweli, labda kafeli, labda kadanganya, labda mama kagombana na mtu mwingine kabisa na mtoto kaingia wakati mbaya. Kuchelewa umekuleta wewe kutoka kichwani kwako, kwa sababu umeona sahani mezani na mama kanuna ukamalizia hadithi mwenyewe. Ajabu yake ni kwamba kosa hili wanalifanya wasomaji wazuri, wale wanaosoma haraka na ubongo wao unajaza mapengo bila kuwaomba ruhusa. Mwenzako anayekwamakwama kasoma polepole, neno kwa neno, akaona kilichopo tu. Polepole yake ndo imemwokoa.

Twende mbele, "she was very angry with him", hapo umenirudishia swali langu kwa nguo nyingine, mi nimeshakwambia yuko "upset" we unaniambia ana hasira, hujaongeza kitu. Kinachobaki ni sahani na kufuta meza, na hapo ndo ilipotoka hiyo maksi yako 1, kwa sababu umegusa ushahidi ila umeuacha hapohapo kama mzigo uliotelekezwa njiani. Jibu la mwenzako sijaliona ila nne zinapatikana kwa kitu kama hiki:

"The writer shows it through her silence: she 'said nothing', as if she does not trust herself to speak. She also goes on wiping 'long after the wood was clean', so it is not the table she is thinking about. Her hands are busy because her mind is troubled."

Angalia hayo maneno, kuna neno hata moja hapo usilolijua? Hamna Kingereza cha kutisha. Kuna pointi, kuna maneno machache yaliyonukuliwa, kuna maana yake, halafu ikarudiwa mara ya pili, mbili na mbili nne. Na sahani haikutajwa kabisa! Ungetaka ungeitumia sahani ukaacha ukimya, ukasema kuiondoa mezani ni kama kumwambia mtoto saizi huna nafasi hapa, ingekubalika vizuri tu. Ila kutaja vitu vitatu bila kueleza hata kimoja kunalipa kidogo kuliko kutaja viwili ukavieleza, na hili watu wengi wanalikataa, wanadhani mtihani ni sokoni, ukimwaga vingi utapata vingi.

Kwa hiyo lile "Answer the question" la ticha wako lilikuwa na maana hii yote, bahati mbaya kaliandika kwa maneno matatu. Usimlaumu, mwenye rundo la madaftari usiku anaandika anachoweza.

Kabla sijafika kwenye pasti pepa zako nikupe zoezi dogo la kuanza nalo kesho, la siku tatu nne hivi. Chukua pepa yoyote, habari yenyewe ifunike, baki na maswali tu. Chini ya kila swali andika kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, linataka nini na maksi ngapi. Usijibu. Utashangaa ulivyokuwa unapita juu ya maneno. "Identify" au "give" maana yake chukua uandike, basi, nimeona watoto wanamwaga aya nzima kwa maksi 1 halafu dakika zinawaishia kwenye swali la maksi 8. Wakikupa mistari, tuseme wa 12 mpaka wa 15, jibu lako litoke humo, ukichota mstari wa 20 hata kama ni pointi nzuri imepotea. "In your own words" haimaanishi ubadilishe kila neno, unabadilisha yale yaliyobeba uzito wa jibu, habari ikiwa ya nyuki hakuna anayekudai jina jingine la nyuki. Na ufupisho, ukiambiwa maneno 80 basi hesabu kweli, mifano yote nje, maoni yako nje, unatafuta pointi unazipigia mstari kwenye habari kwanza ndo unaziunga.

Maswali ya maana ya neno nayo yana mtego wake. Kuna mwanafunzi aliwahi kuniandikia, kwenye sentensi "The doctor gave us a grave look", kwamba "grave" ni "a place where dead people are buried". Nilicheka peke yangu usiku. Neno kalijua, ndo shida, kalijua mno mpaka hakuangalia limekaa wapi. Dawa ni kuchukua jibu lako na kulirudisha kwenye sentensi mahali pa neno lenyewe, ukisoma "The doctor gave us a serious look" inaenda, ukiweka kaburi hapo hata mtoto wa darasa la tatu atakushangaa. Kama neno ni kitendo cha wakati uliopita basi na jibu lako liwe kitendo cha wakati uliopita, lisibadilike umbo.

Haya, sasa hizo pasti pepa 30.

Mwanangu hizo hujazifanya, umezipita. Unafanya, unaangalia majibu nyuma, unasema aah nilikuwa nalijua, unalala. Hilo "nilikuwa nalijua" ndo adui yako kuliko Kingereza chenyewe. Jibu ukiliona limeandikwa na mwingine kila mtu analijua! Ungekuwa unalijua lingekuwa kwenye karatasi yako. Na hiyo riwaya mara 4 ni kitu kilekile, kila ukirudia inazidi kuzoeleka machoni, na wewe unachukulia kuzoea ni kujua.

Hili halijaanza na wewe na wala sikutungii. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichukua wanafunzi wa chuo wakawapa habari fupifupi za kusoma, wengine wakarudia kuzisoma, wengine baada ya kusoma wakaambiwa wafunge waandike kila wanachokumbuka bila kuchungulia. Wakipimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa juu. Wakipimwa baada ya wiki moja kibao kikageuka, walioandika kwa kukumbuka wakawaacha wenzao kwa mbali. Na kitu kilichonichekesha, waliorudia rudia kusoma ndo waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Nimekuwaza wewe na gauni lako la sura ya 2.

Kwa hiyo acha kufanya pepa moja kila jioni. Pepa moja ikae siku tatu. Siku ya kwanza unaifanya kwa saa kabisa, simu iwe chumba kingine, na dakika unazigawa kwa maksi, kama pepa ni dakika 120 na maksi ni 80 basi kila maksi ina dakika moja na nusu, swali la maksi 4 ni dakika 6 ukifika hapo unahama hata kama roho inauma. Siku ya pili unageuka msahihishaji, na hapa naomba uwe katili, chukua pen nyekundu na mwongozo wa majibu ujisahihishe kama unamsahihisha mtu usiyempenda, halafu kwenye kila maksi iliyopotea andika pembeni imepoteaje, umeandika why badala ya how, hujanukuu, umenukuu hujaeleza, umeleta cha kichwani, umetoka nje ya mistari, muda. Siku ya tatu unarudia yale uliyokosa tu, bila kuangalia majibu, unayaandika upya mpaka mwisho. Ukibaki unasoma majibu sahihi hapo umerudi kulekule.

Makosa yawe na daftari lake. Ukifika pepa ya tano lifungue ulisome, hutakuta makosa 20 tofauti, utakuta matatu au manne yanazunguka, na la kwanza kabisa nakuambia kabisa litakuwa hilo la kuleta vya kichwani. Miezi 3 kwa mwendo huu ni pepa kama 30 nyingine, ni nyingi mno, zikiwa 12 zilizofanyiwa kazi hivi nitakuwa nimeridhika.

Sa literacha. Madesa sikuzuii, ila kumbuka madesa hayohayo anayo kila mtu ukumbini, anayesahihisha anakutana na "she is hardworking, loving and courageous" mpaka macho yanauma. Swali likija la kama yule mama ni mwathirika au ni yeye mwenyewe kajiletea matatizo, hizo sifa tatu zinasaidia nini? Hazijibu. Inabidi uchague upande, ukubali kidogo na upande wa pili, na kila aya ianze na kitu unachodai, sio na kilichotokea. Hapo ndo ninapowakamata wengi, aya inaanza "One day the mother went to..." najua tayari hii ni hadithi nasimuliwa, na mimi kitabu nimekisoma, sihitaji kusimuliwa. Ukianza na "The mother is partly responsible for..." hata kama sentensi zinazofuata zinayumba nimeshajua unaelekea wapi, natulia, nakusikiliza.

Na hilo gauni usilidharau! Ni kwamba unajua rangi yake ila hujawahi kujiuliza kwa nini mwandishi kahangaika kulipa rangi. Angeweza kusema gauni akaendelea na safari. Je, linarudi tena mbele? Limechakaa? Kuna wakati anakataa kulivaa? Hiyo ndo tofauti ya kusoma mara 4 na kusoma mara moja ukiwa na pen mkononi. Chukua kurasa mbili tu kwa siku, soma, funga kitabu, andika kilichobadilika kati ya watu waliomo, nani mwanzoni alikuwa na nguvu na mwisho kaipoteza, na neno gani limekuonyesha. Kurasa mbili. Usiende sura nzima.

Nukuu tafuta kama 15 tu, fupi, maneno matatu mpaka sita, zile ambazo moja inaweza kukufanyia kazi kwenye maswali mawili matatu tofauti, ziandike kwa kukumbuka kila baada ya siku kadhaa. Nukuu ndefu ya mistari minne inakula muda na hakuna anayekupa maksi ya kukariri. Ukiandika kuhusu kitabu tumia wakati uliopo, "she leaves", sio "she left". Tamthilia sio riwaya, kuna hadhira imekaa inatazama, kwa hiyo andika hadhira inaona nini ambacho mhusika hakijui, taja na yale maelekezo ya jukwaani maana nayo ni maandishi ya mtunzi, watoto wengi wanayaruka kama matangazo. Kipande cha kitabu ukikiwekewa kwenye pepa, kifanyie kazi hichohicho kwanza kabla hujakimbilia sura nyingine. Na usiniambie "the writer uses a simile" ukaweka nukta. Tashbihi kaitumia, nimeona, imefanya nini?

Mama yako anasema usome zaidi, na yuko sahihi ila sio kwa namna mnayodhani. Usiisome riwaya mara ya tano. Soma vitu vingine, magazeti, makala za mazingira, michezo, afya, safari, chochote kilichoandikwa kwa Kingereza kizuri, dakika 20 kwa siku. Kompri haikuulizi lugha tu, inakukuta na dunia unayoijua au usiyoijua. Kuna utafiti wa mwaka 1988 wa Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa watoto wa shule habari ya mchezo wa besiboli, na wale waliokuwa dhaifu kusoma ila wanaujua mchezo wakaielewa kuliko wale wasomaji hodari wasioujua. Ndo maana habari ya biolojia ikija kwenye pepa nadhani wewe unaiserereka tu.

Na baba mwambie kwa heshima zote asubiri kidogo. Kipaji hakijaingia hapa bado.

Nimebakiza shairi, kwa makusudi. Umeuliza nani alisema kifo. Kwanza ujue hauko peke yako, miaka ya 1920 mhadhiri mmoja wa Cambridge, I. A. Richards, alikuwa anawapa wanafunzi wake mashairi bila jina la mtunzi wala mwaka, anawaambia waandike wanachoona, halafu mwaka 1929 akatoa kitabu kuhusu walichoandika. Hao ni wanafunzi wa Cambridge na walipotea njia vibaya sana! Wengine hata maana ya kawaida ya sentensi hawakuipata, wengine waliona neno moja wanalolijua wakakimbilia hisia waliyoizoea. Kama wewe ulivyoona mashua ukakimbilia wavuvi.

Shairi geni lisome mara tatu kabla hujaandika chochote. Mara ya kwanza soma kwa kufuata alama, usisimame mwisho wa mstari kama hamna nukta wala mkato, wengi wanasoma mstari mmoja mmoja kama orodha ndo maana halieleweki. Mara ya pili jiulize nani anaongea na anamwambia nani, na huyo anayeongea ni nafsineni, sio mtunzi, usiandike mtunzi alikuwa mzee mwenye mashua. Mara ya tatu tafuta kitu ambacho hakikai sawa. Kuna kitu kinakosekana, au kimezidi, au kinageuka ghafla, mara nyingi shairi linafungukia hapo.

Sa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Umeniandikia mzee kazima taa, jioni, kafungua kamba, na nyavu "kasahau nyumbani". Kasahau? Shairi limesema kasahau au limesema tu hakubeba? Nahisi hilo nalo ni la kichwani, kama mtoto kuchelewa. Hiyo ndo dalili yenyewe uliyoitafuta, uliiona kabisa, mpaka ukaikumbuka kuniandikia mimi, ila kwa sababu ulishaamua ni la uvuvi ukamtungia mzee wa watu usahaulifu ili shairi likae sawa. Mvuvi anaenda baharini bila nyavu, usiku unaingia, taa ya nyumbani kaizima mwenyewe. Hakuna aliyezaliwa na siri, mwanangu, hao wenzako walisimama tu kwenye nyavu.

Leo jioni usifanye pepa. Lichukue shairi hilo ujibu swali moja nalokupa mimi, kwa nini mzee hakubeba nyavu, maksi 6, dakika 9, pointi na nukuu na maana mara tatu. Halafu mpe huyo mwenzako wa karibu akusahihishie kwa pen nyekundu, na wewe mlipe kwa kukaa naye nusu saa mkiongea Kingereza.